Rayhana Aliyefunga Njia Zote

Rayhana alikuwa fundi cherehani mjini Gisenyi, na Jumapili mchana, akishakunja nguo za wateja, alikuwa msimulizi wa mchezo.

Mchezo huo uliletwa na Jack, jirani yake aliyekulia Uganda na kurudi Rwanda akiwa kijana. Hauna ubao wala karata. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye majitu, wachawi na ngome, na kila mmoja wa waliobaki anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo. Msimulizi anasema, "Mumefika kwenye muto, daraja imekatika. Munafanya nini?" Halafu ananyamaza. Wachezaji wanachagua wenyewe, na hadithi inafuata walikochagua. Pakiwa na mashaka wanarusha dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa ni kufaulu, namba ndogo ni balaa.

Jack alijaribu kusimulia akashindwa, maana alikuwa anasahau majina ya wafalme wake mwenyewe. Rayhana hakusahau kitu. Alikuwa anasimulia huku anashona vifungo, na wachezaji wake watatu wanamsikiliza kama watoto: Jack, Illuminée aliyerudi kutoka Congo na kufanya kazi ofisini, na Habib, mume wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo ya watu kwenda Goma kupitia ule mpaka mdogo wanaouita petite barrière.

Habib ndiye aliyekuwa anamharibia mipango. Kuna wakati Rayhana aliandaa joka la kutisha, akalipangia mapigano ya mchana mzima. Joka likatokea. Jack akachomoa kisu. Habib, aliyekuwa anacheza shujaa mwenye shoka, akasema, "Mi namuuliza: mvua ikinyesha, we unalala wapi?"

Walicheka mpaka Illuminée akamwaga chai. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na Rayhana ilibidi alijibu. Akafikiri, uzi mdomoni, kisha akasema joka halina pa kulala, kwa sababu mfalme amelinyang'anya pango. Tangu hapo vita havikuwa tena na joka, vikawa na mfalme, na hadithi iliyokuwa ya mchana mmoja ikaendelea karibu mwaka mzima. Habib alipenda sana kumwona mke wake amekwama namna hiyo. Alikuwa anamtazama kwa upole, anangoja.

Mara ya mwisho waliyocheza wote wanne, walikuwa wanatoroka ndani ya mlima. Mlango wa jiwe ulikuwa unashuka, na Habib akasema shujaa wake anaushikilia kwa mabega ili wenzake wapite. Jack na Illuminée wakapita. Habib akainua dadu aone kama na yeye atatoka, lakini adhana ya magharibi ikasikika.

"Bon, tutaendelea Jumapili," akasema, akairudisha dadu mezani.

Wiki hiyo hiyo alivuka na mzigo wa kitunguu asubuhi kama kawaida, na vita vikaingia Goma. Gisenyi yenyewe ilitetemeka. Watu walilala chini ya vitanda, wengine wakapanda kwa ndugu zao vilimani Mudende. Rayhana alikataa kuondoka nyumbani. Alipiga simu ya Habib mpaka sauti ya mashine ikawa kama ya mtu anayemjua. Milio iliponyamaza na mpaka kufunguliwa, wavushaji wengi walirudi. Habib hakurudi.

Mama mkwe wake, Saidati, alivuka kwenda kumtafuta. Akazunguka hospitali na makanisa walikokimbilia watu, akarudi miguu imevimba, hana habari.

"Binti yangu, sasa twende wote wawili," akamwambia Rayhana. "We unajua rafiki zake wa kazi. Mi sijue hata mumoja."

"Atarudi, Mama."

"Na kama hakurudi? Tutaacha kumuswalia mpaka lini?"

"Mama, usiseme hivyo ndani ya nyumba yake."

Saidati akafunika uso kwa mtandio. Rayhana akarudi kwenye cherehani, akashona sketi moja ya shule mara mbili pale pale.

Jumapili iliyofuata aliwaita Jack na Illuminée, akasema mchezo unaendelea. Hawakujua wamkatalie vipi. Walikuta ameweka katoni mbele yake mezani, na dadu anairusha nyuma ya katoni hiyo, anawasomea namba yeye mwenyewe.

Walikaa, wakacheza. Lakini mchezo ulikuwa umebadilika. Hakuna aliyeumia. Jack aliruka kutoka juu ya mnara akaangukia majani makavu. Akamtukana malkia, malkia akampa zawadi. Kila dadu ilitoka kubwa. Na kila Illuminée aliposema, "Narudi mulimani kumutafuta mwenzetu," kulikuwa na kizuizi. Mara theluji. Mara mto umefurika. Mara askari wamefunga barabara.

"Nangoja theluji iyeyuke," Illuminée akasema siku moja.

"Huko haiyeyuki."

"Nachimba."

"Unachoka, unarudi."

"Bila dadu?"

Rayhana akarusha nyuma ya katoni. "Mbili. Umeshindwa."

Ilikuwa namba ndogo ya kwanza tangu Habib apotee. Jack akanyoosha mkono, akaondoa katoni. Dadu ilikuwa imelala kwenye kitambaa, imeonyesha kumi na tisa.

"Sista," Jack akasema polepole, "hatuchezi. Tuko tunakaa tu hapa. Tuchague hiki, tuchague kile, ni sawasawa."

Rayhana alisimama. Alipiga kelele ambazo majirani walizisikia. Aliwaambia watoke, wao wana waume na wake na mama zao kamili, wanataka nini kwake, si ni hadithi tu, mtu hana ruhusa hata ya hadithi? Akamtupia Jack mkasi, ukagonga mlango. Walipotoka alikaa sakafuni kati ya vipande vya nguo. Hakulia.

Illuminée hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa amesimama barazani, na baada ya muda akaingia, akakaa sakafuni karibu naye.

"Dada, mi naogopa pia," akasema. "Lakini nachagua kurudi mulimani. Uniambie tu nakuta nini."

"Illuminée, niache."

"Nimefika kwenye mulango. Narusha dadu, uone." Akaichukua dadu, akairusha sakafuni mbele yao wote wawili. Ikatoka kubwa. "Bon. Nimeufungua. Nyuma yake iko nini?"

Rayhana alifungua mdomo. Siku zote alikuwa na jibu, hata la joka alilipata. Alitafuta sasa, akakuta hakuna kitu. Kusema yuko hai alishindwa. Kusema amekufa alishindwa.

"Sijue," akasema. "Illuminée, mi sijue iko nini kule." Na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza, kwa sauti nzito iliyomtisha hata yeye mwenyewe. "Sijue! Sijue!"

Illuminée akamshika mpaka akatulia. "Basi twende tuulize," akasema. "Kesho naomba ruhusa kazini."

Walivuka asubuhi, wao wawili na Saidati. Upande wa pili Rayhana aliwaongoza mtaa wa Birere, kwenye nyumba za mbao, ambako wavushaji walikuwa wanapumzika. Aliuliza mlango kwa mlango, analitaja jina la mume wake. Wengine walitikisa kichwa. Karibu na adhuhuri mwanamke mmoja muuza maandazi akawaelekeza kwa Ndahiro, mvushaji aliyekuwa amekimbilia mbali na kurudi juzi tu.

Ndahiro alipomwona Saidati alivua kofia, maana Habib alifanana na mama yake. Wote watatu wakaelewa kabla hajasema neno.

"Simu yangu waliichukua," akasema. "Sikuwa na namba yenu. Munisamehe, mama."

"Alikuwa anafanya nini?" Rayhana akauliza.

"Alikuwa amekaa. Tulijificha sisi wengi ndani ya depo ya unga. Tulikaa chini, tunaongea. Risasi ikapita kwenye ubao."

"Alikuwa anajaribu kutoka? Alikuwa anasaidia mutu?"

"Hapana, dada. Alikuwa amekaa tu."

"Nani aliamua akae pale?"

Ndahiro hakuelewa swali. Alimtazama Illuminée, akamtazama tena Rayhana. "Hakuna," akasema. "Pale ndipo palikuwa na nafasi."

Rayhana angependelea kusikia chochote kuliko hicho. Angeweza kubeba ushujaa, angeweza kubeba hata upumbavu. Lakini Habib, aliyekuwa akiuliza joka linalala wapi, hakuulizwa anafanya nini. Ndahiro akawapeleka makaburini, akawaonyesha mstari wa udongo mpya ambako waliwazika watu pamoja kwa haraka. Hakuweza kusema Habib ni yupi. Saidati akasimama mwanzoni mwa mstari, akaswali, akaomba kwa ajili ya wote. Rayhana alisimama nyuma yake, mikono wazi, na hakukumbuka hata aya moja.

Nyumbani wakafanya matanga. Rayhana akakaa eda mpaka mwisho. Illuminée alikuja mara kwa mara kumpikia, na hawakutaja mchezo. Kulikuwa na siku alikataa kula. Kulikuwa na siku alimwambia Saidati angetamani asingejua, na Saidati akajibu kwamba hata yeye.

Eda ilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyewaita. Mlima hawakuurudia. Hakuna aliyeuchagua, naye hakuwauliza kwa nini. Walianza nchi nyingine, na dadu zilirushwa mezani mbele ya kila mtu. Kabla ya saa ya chai mtu wa Jack alikuwa amekufa, ametumbukia kisimani kwa namba mbaya. Jack alikasirika kweli kweli, akataka arushe tena, Rayhana akamkatalia.

Kisha Illuminée, aliyekuwa amepewa barabara mbili, moja ya msituni na moja ya kando ya ziwa, akasema hataki hata moja. Anarudi kijijini, anagonga nyumba ya kwanza, anaomba kazi ya kulima viazi.

Rayhana hakuwa ameandaa kijiji chenye watu. Aliweka sindano chini. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Wenzake hawakumharakisha. Nje pikipiki zilipita, mtoto wa jirani akaitwa kuoga.

"Mulango unafunguliwa na mama muzee," akasema mwishowe. "Anakuuliza we ni nani."