Viola na Saa Iliyokwenda Kunywa Chai

Mpwa wangu Viola ana akili, na akili hizo zimetoka upande wetu, wa mama yake. Mimi, Laku, niliishia darasa la tano, lakini ndimi niliyemfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda kule Arua, tulikokuwa wakimbizi. Leo anatunza kompyuta za redio ndogo ya mtaa hapa Gurei, kalamu imechomekwa kwenye misuko, hatembei bali anakimbia. Mimi ni mwangalizi wa jenereta. Bila Laku hakuna umeme. Bila umeme hakuna Viola. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Akacheka tu.

Programu inayopanga vipindi vyetu ni ya zamani, inakataa kompyuta mpya. Basi Viola akatengeneza kompyuta nyingine ndani ya ile mpya, isiyoshikika kwa mkono. Wenyewe wanaiita mashine pepe. Nilibisha wiki nzima.

"Mjomba, fikiria mpangaji katika nyumba ya mtu," akaniambia. "Mwenye nyumba ana saa ukutani. Mpangaji hana, anahesabu dakika kwa vidole."

"Na akisinzia?"

"Hapo ndipo penye taabu."

Taabu ikaja kweli, mwezi wa mwisho wa majaribio yake ya kazi. Ngoma yetu ya saa sita mchana, ambayo wanawake wa Gurei huisikiliza wainjike asida, ugali wetu, ikaanza kulia saa sita na nusu, mara karibu saa saba. Wanaume wenye njaa walikuja getini kulalamika. Nikawafukuza kwa heshima zote.

Harriet, mkurugenzi wetu, hakufukuzika. "Viola, Jumamosi saa tisa kamili tunarusha wimbo uliorekodiwa wa kwaya ya kina mama wa Rejaf. Wamealika parokia nzima waje kujisikiliza. Ikichelewa hata dakika moja, kazi nampa fundi Trevor wa Kampala."

Na anayeongoza sauti ya kwanza katika kwaya hiyo ni dada yangu, mama yake Viola. Mnaona mambo?

Viola hakulia. Kila jioni alirekebisha saa ya mpangaji kwa mkono, kesho yake akapima imechelewa kiasi gani, akaandika. Ijumaa alinijia na daftari.

"Mjomba, Jumatatu dakika ishirini na tano. Jumanne thelathini. Jumatano hamsini na mbili. Jumatano kulikuwa na nini?"

Nikajibu bila kufikiri: "Abuk alikaanga legemat."

Nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Abuk anauza chai na vimandazi hivyo vya mviringo ng'ambo ya barabara. Kuanzia saa nne hadi saa sita redio hupumzika, Viola huenda Hai Jalaba kukusanya matangazo ya wafanyabiashara. Jenereta lilipaswa kuunguruma muda wote huo. Mimi nililizima, kwani mashine nayo ina moyo, nikavuka barabara. Kompyuta ikikosa umeme hulala. Saa ya mwenye nyumba ina betri yake, inaendelea. Mpangaji analala na vidole vyake, akiamka anahesabu kuanzia pale pale alipoachia. Kuchelewa kote kulikuwa chai yangu, dakika kwa dakika!

Nilimkiria yote, nikasubiri matusi. Viola akashika mbavu, akacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Wiki nzima nawinda kirusi, kumbe kirusi kina masharubu!"

"Kalas, basi, sinywi chai tena."

"Utakunywa, Mjomba. Umeme wa hapa hukatika hata bila wewe."

Jioni hiyo aligundua kwamba mpangaji alimwuliza mwenye nyumba saa siku ya kuhamia tu, basi. Akampa amri mpya: kila ukiamka, kabla hujanawa uso, uliza saa ni ngapi, kisha ruka uifikie.

Jumamosi, saa nne na dakika tano, akaniita. "Mjomba, zima. Nenda kanywe chai, ukae mpaka ushibe."

Tangu nizaliwe sijawahi kutumwa kazi tamu hivyo.

"Laku, leo wewe iko na kiburi," Abuk akasema.

"Ongeza sukari, mama. Niko kazini."

Nikarudi, nikavuta kamba, jenereta likakohoa, likanguruma. Kompyuta ikafumbua macho. Saa ya mpangaji: nne na dakika tano. Viola akakunja ngumi. Mimi nikasali kwa Kibari, lugha yetu. Ikapepesa mara moja, ikaruka: nne na arobaini na sita, sawasawa na ya mwenye nyumba! Viola akapiga kigelegele, Harriet akatoka mbio akidhani kuna moto.

Saa tisa kamili kina mama wa Rejaf walianza, sauti ya dada yangu juu ya zote, kama kawaida yake. Harriet alisikiliza wimbo mzima amesimama. Kisha akamshika Viola mkono. "Trevor abaki Kampala. Jumatatu uje usaini mkataba wa kudumu."

Viola alifungua daftari, akaandika mstari wa mwisho: *Chai ya Mjomba, dakika 41. Kuchelewa, 0.*

Hiyo sifuri, ndugu zangu, tuliitafuta wawili.