Ufa Juu ya Mlango wa Jiko

Walimwita Mama Timazi kwa sababu ule uzi wenye risasi wa kupimia ukuta, yaani timazi, haukumtoka mfukoni. Watu walitania kwamba hata msibani angepima kwanza kama jeneza limekaa sawa. Alikuwa mwashi kwa miaka ishirini na miwili, na makazi aliyoishi aliyajenga mwenyewe akiwa na mafundi wenzake: kaya kumi na mbili kuzunguka ua mmoja, kuta nene za matofali ya udongo wa kushindilia, tangi la maji ya mvua chini ya ua, na jiko moja kubwa la wote. Yeye ndiye aliyewashawishi majirani wajenge hivyo. "Udongo unajipoza wenyewe," aliwaambia. "Na mkishapika pamoja, hakuna atakayelala njaa jirani asijue."

Ufa aliuona asubuhi moja akiwa na sufuria ya chai mkononi. Ulianzia kwenye kona ya mlango wa jiko ukapanda kimshazari, mwembamba kama unywele. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliusogelea akiukodolea macho mpaka chai ikammwagikia miguuni.

Alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji kidogo, kama alivyofundishwa ujanani. Ukuta ukiwa umetulia, kioo hubaki kizima. Siku ya tatu alikikuta kimekatika katikati.

Kilichomtisha zaidi ni jambo ambalo majirani hawakulijua. Ukuta ule waliujenga wakati wa mvua. Tofali la udongo hutakiwa likomae wiki nne kabla ya kubebeshwa mzigo. Yale aliyatumia yakiwa na siku tisa tu, maana watu walishahamia na jiko lilikuwa bado. Aliligonga moja kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti butu kama mkate. Alijua maana yake. Akajenga nalo, akapiga lipu juu yake, akanyamaza.

Sasa kila mlio wa sufuria ulimshtua. Akiwa kazini ngazini, moyo ulikuwa jikoni. Kila asubuhi mama mkwe wake, ajuza wa miaka themanini na moja, aliketi chini ya ukuta uleule akichambua mchele wa nyumba nzima, kwa kuwa palikuwa na mwanga mzuri.

"Mama, leo kaa uani," alimwambia.

"Uani kuna jua."

"Jikoni kuna nyuki. Wamejenga ukutani."

Bibi akainua macho, akatazama ukuta, akamtazama mkwewe. "Nyuki wasiolia?"

Bibi akaweka ungo chini. "Mwanangu, wiki nzima hii huli. Unapita mlangoni hapo kama mwizi. Unaogopa nini?"

Mama Timazi alimwonyesha ufa, na kile kioo kilichokatika.

"Basi uzibe. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Huu si wa kuziba, mama. Nikiuziba nitakuwa nimeuficha mara ya pili." Akaeleza yote, mpaka zile siku tisa.

Bibi hakumkaripia. Aliinuka taratibu akishikilia kiti, akatoka nje, akachukua mwiko na kugonga mfuniko wa sufuria mpaka milango yote ikafunguka. "Haya," akamwambia mkwewe. "Waambie mwenyewe."

Aliwaambia akiwa amesimama uani. Kisha mchomelea vyuma wa nyumba ya saba akalipuka: "Mke wangu anapika humo na mtoto mgongoni! Kila siku! Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Halafu unakula nasi, unacheka nasi!"

Hakujitetea. Aliomba watu watoe vyombo wawili wawili, bila kukimbia, na mtu yeyote asiguse ukuta. Mchomelea, huku akilaani, ndiye aliyeleta mabomba ya chuma ya kuegemeza boriti za paa. Walisimamisha mawili. La tatu lilipokuwa linainuliwa, Mama Timazi alisikia mchanga ukichururika ndani ya ukuta, sauti ndogo kama mtu anayemimina mtama.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Acheni bomba! Tokeni!"

Alimshika mchomelea shati, akamvuta mpaka likachanika. Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulijikunja tumboni, ukashuka, na vumbi jekundu likafunika ua mzima. Lilipotua, kiti cha bibi hakikuonekana. Kilikuwa chini ya kifusi chenye kimo cha mtu.

Mhandisi aliyekuja kesho yake alichimba pembeni ya msingi na kukuta tope. Bomba la kutolea maji ya ziada ya tangi lilikuwa limeziba, na maji yalikuwa yanapenya chini ya ukuta miezi mingi. "Ukuta imara ungepasuka tu," alisema, akivunjavunja tofali kwa vidole. "Huu haukuwa na nguvu ya kungoja." Mama Timazi alitaka lawama iwe yote ya maji au yote yake. Ilikuwa ya vyote viwili, na hiyo ikawa ngumu zaidi kuibeba.

Kaya moja ilihama. Zilizobaki zilijenga upya, wote wakishindilia matofali, kila tofali likiandikwa tarehe yake kwa msumari. Zamu ya kusafisha bomba ikawekwa. Mchomelea alifanya kazi bega kwa bega na Mama Timazi bila kumsalimu, na hadi leo humsalimu kwa kichwa tu.

Siku jiko lilipofunguliwa, chakula kilipakuliwa na watu wakaketi. Mama Timazi alibaki amesimama kizingitini.

"Njoo ule," bibi alimwita. "Kama ni kuangukiwa, heri tuangukiwe tumeshiba."

Watu walicheka. Alicheka naye kidogo, akapokea sahani, akaketi kwenye ngazi ya nje. Alikula polepole, akitazama juu ya mlango.