Nyonga za Matambara

Jumamosi nilikuwa dukani Kwa Vonza, nasubiri kupimiwa sukari, nikaona mama mmoja akimkagua msichana aliyemtaka aolewe na mwanawe. Uso wa msichana ulikuwa umekonda, maana mvua imetunyima, lakini nyonga zake zilikuwa pana ajabu. Mama alimzunguka, akaridhika, kisha akamwonyesha gunia dogo la mawele alilokuwa amelinunua. "Hebu beba tuone."

Huku kwetu mwanamke habebi kichwani. Mzigo hukaa mgongoni, ukanda ukipita kwenye paji la uso. Msichana akauvaa ukanda, akainama, akanyanyuka, na gunia likasukuma chini kila alichojifunga kiunoni. Kitita cha matambara kikaanguka miguuni pake.

Sisi wanaume tuliokuwa pale tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, nami nimevaa koti ambalo fundi amelishindilia pamba mabegani ili nionekane mtu wa maana.

Msichana hakuutua mzigo. "Nisamehe, mama," alisema, macho chini. "Nyumbani tumekonda wote. Niliogopa utaniona mgonjwa."

Mama akaokota yale matambara, akayakunja taratibu kama nguo za mtoto, akayaweka chini ya ukanda ili usimuumize paji la uso.

"Gunia ni lenu," akasema. "Mpelekee mama yako, mle. Nyonga nitakuja kuziangalia baada ya mavuno."