Blauzi Kumi na Mbili na Vinegre ya Pilipili

Ku Kolwezi iko bamama benye bakinikuta mu njia banashika shingo na kucheka, na mi sina hata haki ya kukasirika, juu kosa ni yangu (na ya bwana yangu pia, nitafika pale).

Bwana yangu anaendeshaka lori ku Fungurume, njo yeye aliniletea pasi ya mvuke. Mu avenue yetu bengine bote bako na pasi ya makala, basi nikajiona mutu mukubwa. Lakini maji yetu ya forage, kisima ya kuchimba na mashini, inaachaka chumvi nyeupe mu kila kitu, na kisha miezi kidogo pasi ikaanza kutema bipande-bipande ya ile chumvi. Na ile juma kabisa Maman Odile, prezida wa korali ya bamama, akanipa blauzi nyeupe kumi na mbili nizipige pasi. Mwaka muzima nilikuwa ku majaribio mu ile korali, nabeba madaftari ya nyimbo tu. Jumapili ile njo bangenipokea.

Nikapigia bwana simu. Akasema, “Tia vinegre ndani, iwashe, toa mvuke mupaka ile chumvi iishe.”

“Na kisha?”

“Kisha nini? Niko ku barrière ya kulipia barabara, maman, banapiga honi nyuma yangu.” Akakata. Hakusema kusukutua na maji safi, na mi sikufikiri.

Vinegre, siki bengine banasemaka, yenye ilikuwa mu nyumba ni ile tu ninalowekaka pilipili ndani. Duka iko ngambo ya goudron, ile barabara ya lami, mutoto amelala ku mugongo, jua inawaka... nikaona taabu ya bure. Nikatoa pilipili moja moja na kijiko, nikachuja na kitambaa, ikakuwa safi sawa maji. Nikasema vinegre ni vinegre, nikaitia mu pasi.

Kupiga pasi ilikuwa kazi ya kupiga chafya. Nikapeleka mutoto kwa jirani, Maman Chantal, naye anapiga chafya mu kiwanja ya lupango yake.

“Bale ba lori leo banatuua na vumbi,” akasema.

“Kabisa, maman,” nikajibu, na tukatukana bashofere bote, na wangu ndani.

Jumapili ku kanisa nikakaa mbele na mutoto, nangojea. Wimbo ya kwanza ikapita muzuri. Ya pili iko na kucheza, na kucheza inaletaka jasho, na jasho ikaamusha ile kitu mu makola. Maman Odile akajikuna shingo mara moja, kwa heshima. Kisha mara mbili. Kisha musitari ya nyuma bakaanza kukohoa, machozi inatiririka, na bamama banaimba tu, banaimba na kulia, na pasta akanyoosha mukono: “Muone namna wimbo inabagusa.” Kanisa nzima ikasimama, bengine bakalia pia, bababa bazima na kitambaa ku macho. Mi peke yangu nilikuwa nimeelewa, na nilitaka sakafu inimeze na mutoto wangu.

Mama moja wa sauti ya chini akafungua kifungo, akatoka mbio. Bengine bakamufuata, kumi na mbili bote, mupaka ku robinet ya maji ya inje. Na pasta, yeye anafuata karatasi yake, akaita jina yangu nikuje nipokelewe na korali. Nikasimama pale mbele na mutoto. Korali yote iko ku robinet.

Inje Maman Odile alikuwa analoanisha shingo. “Mama Divine,” akasema pole pole (Divine ni mutoto wangu), “ile pasi unapikiaka na majani ya sombe?”

“Hapana, maman. Niliisafisha.”

“Na nini?”

“Vinegre.”

“Vinegre ya wapi?”

Nikaangalia biatu byangu. “Ya pilipili.”

Mama wa sauti ya chini, kichwa chini ya maji, akacheka mupaka akapaliwa. Maman Odile hakucheka. “Mwaka mwingine,” akasema. “Utaendelea kubeba madaftari.”

Bwana, niliposimulia ku simu, alicheka mupaka akasimamisha lori kando ya barabara. Ile juma nzima sikumupikia, alikula ku barrière.

Sasa pasi naisafisha na vinegre ya duka, kisha naisukutua na maji ya kuchemusha mara tatu. Na kabla ya kushika nguo ya mutu, napiga pasi nguo yangu kwanza, naivaa, nazunguka nayo soko nzima mu jua ya saa sita mupaka nitoke jasho. Shingo ikinyamaza bila kuwasha, njo nachukua nguo ya mwengine.