Nilimpunguzia Kamau Miji, Akaongeza Mke

Niko na miaka sabini na sita. Nimezika machifu wanne, na nzige na ukoloni vyote viliniacha hapa. Lakini leo nimeshindwa na safari ya mtu mwingine.

Rika yangu Kamau, jirani huko Mukurweini, alitumiwa pesa na binti yake aende kutembea ng'ambo. Wiki mbili tu, kabla kahawa haijaiva.

Asubuhi akaniita mimi na mke wangu Nyawira, tumsaidie kupanga.

"Nitaanza London," akasema, "halafu Paris, Roma, nimalizie kwa mtoto Toronto."

Roma! Mtu aliyepotea Kerugoya, mji mdogo wa hapa jirani, mchana!

Wivu ilinishika. Nikajifanya mjuzi. (Mimi nimefika Mombasa mara mbili.)

"Kamau, miji yote hiyo itakumaliza. Siku ni chache, na pesa itaisha kwa ndege. Enda Toronto peke yake, urudi."

Nilingoja anune.

Akanishika mkono. "Asante, rika! Basi pesa inatosha tiketi mbili." Akamwita mkewe: "Mama Wanjiru, tafuta sweta, tunaenda wote!"

Mkewe akapiga vigelegele mpaka kuku wakatoroka.

Kamau akatugeukia. "Na nyinyi mtatukamulia ng'ombe, ama?"

Nyawira akanikabidhi ndoo.

Sasa niambieni, mimi nilikosea wapi?

Niko hapa Nyeri mjini kwa hii kompyuta, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye. Mkidhani ni uongo, muulizeni Nyawira, alisikia yote. Na akiwajibu mniambie, maana mimi hajanijibu tangu asubuhi.