Hakuna Msiba, Binti Yangu Anakimbia

Njia ya kwanza niliyomtafutia binti yangu inaanzia nyuma ya choo chetu. Mnisamehe kuanza na choo, lakini ndipo inapoanzia. Ukitoka pale unashika ukingo wa mfereji, unapita katikati ya miwa ya watu mpaka kwenye daraja la magogo, halafu unarudi na mlima ukiwa upande wako wa kushoto. Nikienda mimi, narudi uji umeshapoa. Akienda yeye, anaukuta bado unaunguza mdomo.

Sasa mtu atauliza, mama wa watoto wawili, fundi cherehani anayejulikana kijiji kizima cha Kisawasawa, anatafutiwaje njia ya kukimbilia na baba yake mwenye magoti mabovu? Inabidi nirudi nyuma.

Alirudi kukaa kwangu ndoa yake ilipovunjika. Ndoa yenyewe siisemi vibaya, mkwe wangu yule alikuwa ananiletea ugoro mzuri, tuyaache hayo. Kazi ya binti ni kushona, anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka macho yanapokataa. Mwaka huo akaanza kunywa maji. Anakunywa kikombe, anarudia, dakika si nyingi anakwenda tena mtungini. Kiu ile mimi nilikuwa naijua. Mama yake ilimwanza vilevile, tukasema ni joto la bonde hili. Akakatwa kidole, akakatwa mguu, kisha tukamzika. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini somo la sukari nimelisoma lote, nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda.

Nikampeleka kliniki Ifakara. Daktari, kijana mpole, akampa vidonge, akamwambia, "Mama, kukaa sana kunakumaliza. Tembea haraka kila siku. Ukiweza kukimbia, kimbia."

Tukapanda basi la kurudi. Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono.

"Baba, mimi mguu wangu sitoi."

"Hutoi."

"Na usimwambie mtu. Wakijua, kila nikipita wataniangalia miguu."

Nikaahidi. Kesho yake alfajiri akavaa raba za mwanawe, akafunga khanga kiunoni, akatoka mbio kwa barabara ya kijiji, toka mwanzo mpaka mwisho.

Kwetu mwanamke mtu mzima akipita mbio asubuhi, khanga kiunoni, hasalimii mtu, maana yake ni moja tu. Kuna mtu amekufa, na huyu anawahi kuwaambia ndugu. Yeye mwenyewe alilijua hilo, sijui alisahau, sijui alifikiri raba zitamtetea. Mimi nilikuwa uani kwenye kigoda, nanyoa ndevu, povu shavu moja. Nikaona wanawake sita wanaingia kimyakimya, khanga vichwani. Mbele yao jirani yangu mjane, rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, machozi tayari yanamtoka. Akaniona. Tukaangaliana.

"Shemeji, kumbe wewe hujafa?"

"Bado. Nanyoa."

"Sasa nani?"

"Nani, nani?"

"Aliyekufa!"

"Hakuna aliyekufa. Binti anafanya mazoezi."

Mmoja wa nyuma akasema, "Mazoezi? Kwani anakwenda vitani?"

Jirani akajifuta uso kwa hasira. "Nimeacha maharage motoni, shemeji. Nimekulilia toka kwangu mpaka hapa, machozi mazuri kabisa. Siku ukifa kweli usinidai."

Basi tukacheka, nikachemsha chai kwa kuwa walikuwa wameshakuja. Lakini binti aliporudi anahema, akawakuta wamejaa uani, kicheko kikaisha. Jirani akamwambia taratibu, na taratibu yake ndiyo iliyouma: "Mwanangu, ukitutoa bure mara mbili, mara ya tatu hatutatoka. Na mara ya tatu huenda ndiyo yenyewe." Binti akapiga magoti akaomba radhi. Wangemuuliza mazoezi ya nini angejibu nini? Siri ilikuwa inamkaba.

Hakukimbia tena. Wiki ikapita, ya pili ikapita, cherehani inalia tu. Jioni moja nikamkuta anasugua vidole vya mguu. Ananiambia vinaingia ganzi. Nikaingia ndani nikatoa panga.

Ile njia ya mfereji, isiyopita mlangoni kwa mtu, mmeshaisikia. Ya pili inapanda mlimani, si ndani ya hifadhi ya wanyama, inafuata mpaka wake, juu ya mashamba ya mitiki, inaishia kwenye kijito. Njia hiyo naijua toka ujana, nilikuwa nashusha ndizi kutoka huko, mkungu mmoja ukinikalia shingoni kama mtoto. Nilifyeka majani pembeni ili nyoka aonekane. Nikamfundisha na kinyesi cha tembo. Unachokonoa kwa kijiti. Kikiwa kikavu kimbia, kikiwa na mvuke geuza hapohapo, usiulize amekwenda wapi. Ya tatu inateremka mpungani, ya kiangazi tu. Huko kuna Msukuma mmoja anachunga ng'ombe. Siku ya kwanza ndama watano walimfuata binti mbio, mikia juu, na yule mzee anapiga kelele, "Mama! Ukimaliza kuwafanyisha mazoezi nirudishie!"

Mimi nilikuwa natangulia, nakaa katikati ya njia juu ya jiwe. Anapita, "Shikamoo baba." Marahaba. Anapanda juu, anarudi, "Shikamoo tena." Marahaba tena. Akichoka anakaa, tunaongea. Nitasema ukweli, tangu nimzike mama yake sikuwa nimepata asubuhi nzuri kama zile. Alipokuwa mdogo sikuongea naye, nilikuwa natoa amri tu, lete maji, fukuza ndege. Sasa ndiyo nikajua kwamba anaogopa radi, na kwamba anapenda kushona sare za shule kuliko magauni ya harusi kwa sababu sare haina mtu wa kuipigia kelele.

Ganzi ikapungua. Nikaanza kujisifu, kwa sauti, nikiwa peke yangu.

Kisha goti likanivimba. Asubuhi hiyo akapanda mlimani peke yake. Uji ukapoa. Nikaufunika. Nikaufunua. Nikashika fimbo nikamfuata, na safari ile sitaki kuisimulia, maana kila kichaka nilikuwa naona kitu chini yake.

Nilimkuta kijitoni, amekaa ndani ya maji, jasho la baridi linamtiririka. Akaniangalia akasema, "Mama, nimeacha pasi kwenye nguo." Mimi ndiye mama. Alikuwa amemeza kidonge tumbo tupu akakimbia, sukari ikashuka mpaka chini kabisa. Sikuwa hata na pipi. Nikapanda mpaka kwenye shamba la mtu hapo juu nikitumia mikono, nikakuta ndizi mbivu, nyani ameshaila nusu. Nusu yake nikaimenya, nikamlisha kidogokidogo kama zamani. Nikamshikilia kichwa, naimba kitu, sijui nilikuwa naimba nini.

Baadaye sana akafungua macho vizuri.

"Ndizi ya nani hii?"

"Kula."

"Ya nani, baba?"

Hapo nikajua akili yake imerudi.

Tulishuka tumeshikana. Njia nzima sikuona mtu, na mimi ndiye niliyeitengeneza hivyo. Nilimchagulia njia zisizo na watu, nikaona nimekuwa hodari. Angelala pale mpaka jioni nani angejua? Nikamwambia, "Lazima tuwaambie."

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Wataniangalia miguu, baba."

"Waangalie. Mimi macho yangu hayatoshi."

Siku mbili alinipa chakula bila kunitazama. Siku ya tatu akasema, "Sema wewe. Mimi nitakaa nyuma."

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani ilisali nyumbani kwa yule jirani mjane. Sala ilipoisha, wakati wa matangazo, nikasimama. Maneno niliyoyapanga usiku kucha yakanitoroka. Nikasema binti yangu, nikasema njia, nikasema ndizi, watu wakaanza kutazamana, wakifikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Nikasikia mkeka unakwaruza. Amesimama mwenyewe.

"Nina sukari," akasema. "Kama mama. Nakimbia ili nisikatwe mguu. Mkiniona nakimbia msitoke, hakuna msiba. Mkinikuta nimekaa njiani sieleweki, nipeni kitu kitamu kwanza, maswali baadaye."

Na kweli, jirani akamwangalia miguu. Wote wakaangalia. Binti akaiacha pale kwenye mkeka, hakuivuta chini ya khanga.

"Unapita kwangu saa ngapi?" jirani akauliza.

"Saa kumi na mbili na nusu, kama mtaniruhusu."

"Pita. Usipopita nakuja kukutukana kitandani. Mama yako alinificha mimi mpaka kidole kikatoka harufu. Wewe hunifichi."

Akaingia jikoni kwake, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Jumatatu binti alitoka kwa mlango wa mbele. Nikakaa kizingitini, goti nimelinyoosha. Simwoni, lakini nikawa namsikia kwa midomo ya watu. Kwa jirani: "Kumi na mbili na nusu imepita, umechelewa wewe!" Kwa fundi baiskeli: "Kaza, mama!" Mbwa wa pale mbele. Kisha watoto wa shule. Kisha sauti ndogo mbali, sikushika maneno. Kisha mitiki, na kwenye mitiki hakuna nyumba.

Nilingoja. Sitadanganya kwamba nilingoja vizuri.

Nikasikia kelele juu kabisa, kwenye nyumba ya mwisho chini ya mlima, kwa watu ambao hata sijawahi kuwasalimia. Ikashuka kwa wa pili yake, ikaja kwa fundi baiskeli, ikaja kwa jirani, na jirani akasimama kwenye ua wake na mwiko mkononi akanipigia kelele:

"Shemeji! Amegeuza, anarudi!"

Nikajibu asante, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amemwona.