Nyaya za Sabufa ya Baba

Ukiwa na biashara Tunduma, kwenu wanakuona kama una duka la dunia nzima. Mimi nilikuwa nauza chakula tu, wali na ugali kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Lakini simu ikipigwa kutoka nyumbani Hasamba, hakuna aliyeuliza kama nimelala vizuri. Niliulizwa kama nimepata dawa ya kunyunyizia kahawa, kama nimeona bati, kama kandambili za mama zimepatikana. Hayo nilizoea. Kilichonichosha mpaka leo, nikikikumbuka natafuta pa kukaa, ni waya wa baba.

Baba alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa letu. Kuna mwaka kwaya ilikwenda Mbeya kurekodi, ikarudi na sidii ya video. Katika wimbo mmoja kwaya yote inanyamaza, na ubeti wa pili anauimba baba peke yake. Nyumba yenye televisheni kitongojini kwetu wakati ule ilikuwa yetu, kitelevisheni na deki ya kuchezea sidii, vya kutumia betri ya gari ambayo tulikuwa tukiipeleka Mlowo kuchajiwa. Siku ya kuiangalia sidii watu walijaa sebuleni, wengine wakachungulia dirishani. Wimbo ukaanza, akina mama wakasikika, wanaume kwa mbali nyuma yao, kinanda kikasikika. Ulipofika ubeti wa pili kinanda kiliendelea chenyewe. Baba alikuwa pale kwenye kioo na suti ya kuazima, anafungua mdomo, anafumba, ananyoosha mkono mmoja kama mhubiri, na sauti hakuna.

Wakarudisha nyuma, ikawa vilevile. Hapo ndipo jirani yetu, mwimbaji wa sauti ya teno na rafiki wa baba tangu ujana, aliposema kwamba bila shaka fundi wa studio alimsikiliza mzee, akapima, akaona afadhali kinanda. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikubali kwamba ulikuwa utani mzuri. Na haukuwa na wa kuupinga, kwa sababu studio ilikuwa chumba kidogo, watu waliingia kwa zamu, na wakati baba anaimba ubeti wake wenzake walikuwa nje wanakula mihogo.

Baba alisema neno moja tu: "Ni waya." Wakacheka zaidi.

Shangazi yangu wa Mlowo alikuja kusema kwamba ameisikia sauti ya kaka yake kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi, ubeti wote, mwanzo mpaka mwisho. Wakamwambia dada ni dada, angesikia hata kama kaka yake angekuwa amelala. Utani ukaota mizizi. Akipita kilabuni, wanafungua midomo na kunyoosha mkono. Kwanza baba akasema ana kikohozi, haendi mazoezi. Halafu ikawa msimu wa kahawa. Halafu hakuna aliyeuliza tena. Mama aliniambia kwamba hata ile tabia yake ya kuimba chinichini akizungusha mashine ya kumenyea kahawa iliisha, anazungusha kimya.

Umeme ulipofika kijijini baba aliuza kahawa akanunua televisheni kubwa kidogo, ya mtumba, na sabufa yenye spika zake ndogo za kuweka pembeni. Watoto wa ndugu waliiita homu thieta, wakajisifu shuleni. Fundi wa umeme akaja kufunga. Deki yetu ileile aliiunganisha na televisheni kwa ule waya mfupi uliokuja ndani ya boksi lake, wenye pini tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Televisheni ilikuwa na matundu mawili tu, kama ile ya zamani. Njano ikaingia, ikawa picha. Nyeupe ikaingia, ikawa sauti. Nyekundu ikakosa pa kwenda. Fundi akasema hiyo ni ya akiba, kama tairi la nyuma ya gari, akaizungushia solotepu ikaning'inia nyuma ya meza. Tulikubali wote. Kisha kutoka kwenye televisheni akavuta waya mrefu mpaka kwenye sabufa.

Wakaweka sidii. Kinanda sasa kilitikisa madirisha. Ubeti wa pili ukapita bila baba.

Basi waya ule mrefu ndio uliobeba lawama zote, na mimi ndiye niliyebeba kazi ya kuubadilisha. Ule mfupi ulitoka kiwandani pamoja na deki, nani angeushuku? Nilianza kununua nyaya Tunduma kama watu wanavyonunua vitunguu. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, mweusi. Baba akapiga simu: umefika, bado. Nikanunua mnene. Bado. Muuzaji mmoja kutoka Singida, mtu wa swala tano asiyeapa ovyo, alinifundisha kukwangua ncha kwa wembe, kwa sababu nyingi zinang'aa rangi ya shaba juu lakini ndani ni nyeupe. Akanifundisha kubeba sumaku, maana shaba haishikwi na sumaku, na waya ukiruka kuifuata ujue umeuziwa chuma. Nikawa natembea na sumaku kwenye mkoba, pamoja na funguo na dawa za kichwa. Nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, ambako mama mmoja aliniita ba mayo, yaani mama, kwa heshima zote na kuniuzia waya wenye pini za rangi ya dhahabu. Nikadhani sasa tumemaliza.

"Mama," baba akasema kwenye simu, maana hivyo ndivyo alivyoniita, "huu ni mzuri sana. Lakini bado."

Nilichoka. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Nasimama jikoni kuanzia alfajiri, miguu imevimba, dereva anadai mchuzi, na akilini nina waya. Nikamwambia mama amshauri aachane na jambo hilo, sidii yenyewe ni mbovu, sauti haimo. Mama akasema, "Muache. Akiuachia huo waya, atashika nini?" Nikaendelea kununua. Sikununua kwa kuamini. Nilinunua kama mtu anavyompelekea mgonjwa machungwa.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba, na siku ikapangwa wakwe waje nyumbani. Baba hakuuliza habari za ng'ombe wala za ukumbi wa maturubai. Alisema wageni wakishakula ataweka sidii ya kwaya. Tulimtazama wote, hakuna aliyethubutu kumkataza. Mtu mzima akitaka kujiaibisha mbele ya wakwe utamfanyaje? Mimi nilikuwa nimepanga kimoyomoyo kwamba ubeti wa pili ukikaribia nitaita watu wakanawe mikono.

Mchana ule wageni wamekaa, jirani naye amekaa nao, koti limepigwa pasi. Mama alisogeza televisheni kidogo atandike kitambaa chake cha kufuma, na ile pini nyeupe ya waya mfupi ikabonyea, ikakatika waya wake, na mama akaichomoa tunduni. Picha ipo, sauti imekufa. Baba akanigeukia. Akaniomba nichukue bodaboda niende Mlowo mara moja, waya wa namna ile haukosekani.

Nilikuwa nimepika tangu kabla ya jogoo. Sikuwa na miguu ya kunifikisha hata barabarani. Nilipiga magoti nyuma ya meza, nikaing'ata ile solotepu iliyokauka mpaka ikaachia, nikaitoa pini nyekundu na kuisukuma kwenye tundu la nyeupe. Si ndiyo ya akiba? Nilitaka itoke kelele yoyote ili niweze kukaa.

Wimbo ulianza vibaya. Kinanda hakikuwepo, akina mama walisikika kwa mbali kama wako nyumba ya pili. Karibu walikuwepo wanaume tu. Nikajua nimeharibu. Kisha kwaya ikanyamaza, na baba akaimba.

Sijui niielezeje. Vikombe vya kabatini vililia. Ilikuwa sauti nene, iliyotulia, inashuka bila kuchoka mpaka pale ambapo unadhani mtu hawezi kushuka tena, halafu inashuka. Na mdomo kwenye kioo ulikuwa unakwenda nayo, neno kwa neno. Mama alijifunika na kanga. Mkwe mmoja akauliza ni nani huyo anayeimba. Mimi nililia palepale chini nyuma ya meza, kwa furaha, na kwa hasira vilevile. Nyaya zote zile! Pande mbili za sauti zilikuwemo kwenye sidii tangu mwanzo, wanawake na kinanda kwenye pini nyeupe, wanaume kwenye nyekundu, na sisi tulikuwa tumeufunga upande wa baba kwa solotepu.

Walirudisha wimbo. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kizingiti, aliingia ndani, akajiweka sawa, na ubeti ulipofika akafungua mdomo aimbe pamoja nao. Ilitoka pumzi yenye mikwaruzo. Akakohoa, akajaribu tena chini kidogo, ikakatika. Miaka yote ile hakuwa ameimba hata kwenye mashine ya kahawa. Akafumba mdomo na kusikiliza mpaka mwisho.

Jirani alisimama. Uso wake ulikuwa umesawijika, nilimhurumia. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Mwenzangu, tulikukosea. Jumapili urudi kwaya. Besi hatuna."

Baba hakuutoa mkono wake. Aliitazama televisheni, yule mwanamume wa suti ya kuazima.

"Mwombeni huyo," akasema. "Mimi nimebaki na masikio tu."